Makamu wa Rais wa Mapishi ya Asili

Loretta Pedemonte alizaliwa juu ya duka na mpaka leo analala juu ya duka. Katikati hapo, kwa mwaka mmoja na ushee, alikuwa makamu wa rais. Si wa nchi, wa kampuni. Lakini ukimsikia anavyosimulia utadhani alikuwa na ndege yake mwenyewe.

Duka liko North Beach, San Francisco, kwenye kona ile kilima kinapoanza kuwakata watu pumzi. Mama yao alitoka Genova na sanduku moja na kifimbo cha kusukumia unga, akaanza kuuza ravioli, vile vimito vidogo vya unga vinavyojazwa nyama, mboga na jibini. Alipofariki aliwaachia mabinti wake wawili. Assunta, mkubwa, alirithi mikono. Loretta alirithi mdomo. Unga ukiguswa na Assunta unatulia kama mtoto aliyeshiba. Ukiguswa na Loretta, unaweza kuzibia nao paa linalovuja. Basi wakagawana kazi kwa busara: Assunta jikoni, Loretta kaunta, kuuliza goti la fulani linaendeleaje na kama mkwe wa fulani amerudi kwao.

Pale mlangoni kuna kidude chekundu chenye umbo la konokono. Unavuta kikaratasi chenye namba, unasubiri uitwe. Hakuna mkubwa wala mdogo. Padri wa parokia anavuta namba. Siku moja diwani alikuja na wapambe wake akanyoosha moja kwa moja hadi kaunta. Assunta alitokeza kichwa jikoni, akamwonyesha konokono kwa mwiko, akarudi kwenye sufuria yake. Diwani alivuta namba.

Tusimpambe Assunta kama bi harusi, lakini. Alikuwa mkaidi kupita nyumbu. Simu ilikuwepo ukutani, ila mtu akipiga kuagiza alikuwa anajibiwa, "Anayetaka ravioli ana miguu," kisha paa, imekatwa. Wazee waliochoka kupanda kile kilima wakapungua mmoja mmoja, na yeye akasema ni mauti. Wengine walikuwa hai kabisa, wanakula tambi za dukani huku wanasikitika.

Mwaka ule wa 1999 mji mzima ulishikwa na homa ya intaneti. Ukisema unauza njugu, watu wanakupita. Ukisema unauza njugu kwenye intaneti, wanakuvutia kiti na kukuandikia hundi. Vijana ambao mama zao walikuwa bado wanawafulia soksi walikuwa wanaitwa wakurugenzi.

Mmoja wao aliingia dukani akiwa amevaa ndala, anaitwa Bradley Hoyt. Alivuta namba, tumshukuru kwa hilo. Alipoonjeshwa ravioli alifumba macho.

"Hizi mnaziuza wapi?" akauliza.

"Hapa," Loretta akamjibu. "Umesimama juu ya jibu."

"Nina maana nje ya hapa."

"Nje ya hapa kuna barabara."

Kijana akacheka, akaegemea kaunta. "Sikiliza. Nchi hii ina watu zaidi ya milioni mia mbili na sabini ambao hawajawahi kula kitu hiki."

"Wana bahati mbaya," Assunta akasema kutoka jikoni.

Lakini Loretta alishaacha kupima jibini. Miaka thelathini amekuwa akiongea na watu walewale arobaini, magoti yaleyale, wakwe walewale. Milioni mia mbili na sabini! Mdomo wake ulikuwa haujawahi kupewa uwanja mkubwa hivyo.

Kampuni ya Bradley iliitwa Prontononna nukta komu, ambalo ni jina la Kitaliano kama mimi nilivyo mwanasarakasi. Nonna ni bibi. Walitaka bibi mmoja wa kuonyesha kwenye tovuti na ravioli za kusambaza nchi nzima. Bibi walimpata palepale. Kwenye ravioli ndipo ugomvi ulipoanza.

Ilikuwa Jumamosi, duka limejaa.

"Dada, ni nafasi," Loretta alisema. "Tutakuwa na jina."

"Jina tunalo. Liko juu ya mlango."

"Linalosomwa na nani? Na Fong?"

Bwana Wendell Fong, mstaafu wa posta anayekaa ng'ambo ya barabara, aliinua mkono wenye namba yake. "Mimi nalisoma kila siku. Limechakaa kidogo hapo kwenye P."

"Mikono yangu ni miwili, Loretta," Assunta akasema. "Inatosha kilima hiki. Haifiki Minnesota."

"Basi utafia hapo hapo, na unga wako puani, na hakuna atakayejua kwamba ulikuwepo!"

Assunta alifuta mikono polepole, kidole kwa kidole.

"Nenda, mdogo wangu. Njia nyeupe. Ila siku utakayorudi, utavuta namba kama watu wengine." Akawageukia wateja. "Thelathini na moja!"

Bwana Fong ndiye aliyekuwa thelathini na moja. Alisogea kama mtu anayepita katikati ya ng'ombe wawili wanaotazamana.

Ofisi ya Prontononna ilikuwa ghala la zamani kusini ya Market Street. Kulikuwa na meza ya mpira wa vijiti yenye vijitu vya mbao, kiti cha kukanda mgongo, na mbwa aliyekuwa na kitambulisho chake cha kupitia mlangoni. Makamu wa rais walikuwa kumi na wanne. Mmoja alikuwa wa Furaha. Taka hazikuwa na makamu, kwa hiyo zilikaa pale mpaka zikaanza kujitambulisha zenyewe.

Loretta akaandikiwa kadi: Makamu wa Rais wa Mapishi ya Asili. Yeye, aliyewahi kuunguza yai la kuchemsha! Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kila mwezi alipaka nywele rangi nyeusi ili aonekane wa arobaini. Sasa walimkalisha mbele ya kamera wakampulizia unga mweupe kichwani ili aonekane wa themanini, wakampa mwiko aushike. Aliushika kama fimbo ya kuchungia. Picha ikatoka nzuri ajabu. Hata mimi ningemnunulia.

Mshahara alipewa nusu. Nusu nyingine alilipwa kwa hisa, ambazo zingekuwa utajiri siku moja, siku ambayo kila mtu ofisini aliizungumzia kama watu wa dini wanavyozungumzia Kiama, isipokuwa kwa furaha.

Jioni ya kwanza alipitisha kadi yake moja chini ya mlango wa jikoni kwa Assunta, kimyakimya. Asubuhi akachungulia. Kadi ilikuwa imekunjwa mara nne na kuwekwa chini ya mguu wa meza ya kukandia, ule uliokuwa unayumba tangu enzi za mama.

Kwa vile Assunta aligoma, ravioli zilitengenezwa kiwandani huko jangwani Nevada. Zilikuwa na ladha ya bahasha. Lakini hilo halikuwa tatizo, Bradley alisema, ladha itarekebishwa toleo la pili.

Katikati ya ofisi walitundika kengele kubwa ya shaba. Kila mteja mpya akinunua kwenye kompyuta, kengele inapigwa, watu wote wanapaza sauti, mbwa anabweka. Kazi ya kuipiga alipewa Loretta, na hapo ndipo alipopata wito wake. Aliipiga kwa mkono mmoja, kwa miwili, aliipiga huku anazungusha kiuno. Vijana wakamwita Bibi Kengele. Kuna watu hawajawahi kushangiliwa maishani mwao wakiwa watu wazima, na Loretta alikuwa mmojawapo. Usimcheke sana. Wewe ukishangiliwa kila dakika kumi, utauliza nani analipa?

Yeye aliuliza, tena mara moja. Alisikia kwamba boksi moja, likiwekewa ile barafu kavu inayotoa moshi, na aproni ya zawadi, na usafiri wa bure, linaigharimu kampuni mara mbili ya anacholipa mteja.

"Bradley, mwanangu. Tukiuza boksi tunapata hasara. Tukiuza elfu je?"

"Sasa hivi hatutafuti faida, Loretta. Tunatafuta macho."

"Macho?"

"Watu wa kututazama. Ukishakuwa na macho, pesa inakuja yenyewe."

"Mama yangu alikuwa na macho ya wanaume wote wa mtaa wetu," Loretta akasema, "na kodi alilipa kwa ravioli."

Ofisi nzima ilicheka mpaka mmoja akalala chini. Maneno yale waliyaandika ubaoni kwa wino mwekundu kama kaulimbiu ya kampuni. Loretta akajisikia mwenye hekima, akarudi kwenye kengele yake. Hivyo ndivyo walivyokuwa pale: ukiwaambia nyumba inaungua, wanasifia sauti yako.

Kuzindua biashara walitengeneza puto kubwa kama nyumba ya ghorofa, umbo la ravioli, wakalipeperusha juu ya ghuba. Mji mzima ulitazama juu. Macho yalipatikana, huwezi kukataa. Jumatatu simu zikaanza kulia, na Loretta ndiye aliyepokea.

"Ninyi ndio wenye ule mto?"

"Mto gani, mama?"

"Uliokuwa unaelea. Mnauza na foronya zake?"

Watu sitini na kitu waliulizia mito siku ile. Makamu wa Rais wa Furaha alipendekeza waanze kuuza mito. Nakuapia, walikaa kikao.

Mteja wa Minnesota ndiye aliyemwuma zaidi, Bi. Lindqvist, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole. Boksi lake lilikuwa limekwama njiani, barafu ikayeyuka, ravioli zikashikana zote zikawa donge moja.

"Sikutaka kuwasumbua," alisema. "Nilitaka tu kujua kama nilikate kwa kisu cha mkate au cha nyama."

Loretta aliomba radhi mpaka akaishiwa. Kisha, kwa mazoea ya kaunta, akamwuliza goti lake linaendeleaje. Bi. Lindqvist akashangaa: "Umejuaje kama nina goti?" Wakaongea saa nzima. Makamu wa Rais wa Simu akamwonya kwamba muda unaotakiwa ni dakika mbili.

Halafu ikaja asubuhi ya kiangazi ambayo Loretta mwenyewe huisimulia haraka haraka, akitazama pembeni. Ukutani kulikuwa na skrini iliyoonyesha kila oda inakwenda wapi. Kengele mkono wa kulia, kahawa mkono wa kushoto, akainua macho kusoma. Union Street. Akapiga kengele. Green Street. Akapiga. Filbert, yote mitaa ya kilimani kwao. Akapiga. Kisha ikatokea anwani ambayo angeweza kuitemea mate kutoka dirisha la chumba chake. Mkono ukabaki hewani.

Jioni alivuka barabara akagonga.

"Bwana Fong, wewe!"

Bwana Fong alifungua mlango akiwa amevaa aproni mpya ya Prontononna. Hakuwa na pa kujificha.

"Loretta. Karibu. Nilikuwa nakuja kukuambia."

"Unaagiza ravioli kwangu? Zinatoka Nevada! Zinapanda milima ya Sierra, zinashuka, zinavuka daraja, zinapita mbele ya mlango wa dada yangu, ndipo zije kwako!"

"Nusu bei, na zinaletwa mpaka mlangoni," Bwana Fong akasema. "Nimebeba barua za watu kwenye kilima hiki maisha yangu yote. Mara hii moja mtu akaniletea mimi kitu. Ningekuwa mjinga kukataa."

"Na ni tamu?"

"Ni mbaya sana," akasema kwa unyofu. "Mama Ferrando anasema hivyohivyo. Na wale ndugu wawili wa pale juu. Sote tunasema hivyo."

"Sote nani?"

Hapo Bwana Fong alitazama miguu yake. Loretta aligeuka akatazama duka la ng'ambo. Ilikuwa saa ile ya jioni ambayo zamani foleni ingefika kwenye nguzo ya taa. Ndani alikuwepo Assunta peke yake, amekaa kwenye kigoda cha Loretta, anamenya vitunguu, uso mlangoni. Nani kati yao aliyempa kisogo mwenzake mwanzo, hilo Loretta alikuwa analijua. Lakini kumfukuzia wateja kwa kushangilia na kengele juu, hilo hakuwa amelijua.

Kesho yake alimwendea Bradley, aliyekuwa kwenye kiti cha kukanda mgongo.

"Tunawauzia majirani wa dada yangu. Kwa hasara."

"Hiyo ndiyo inaitwa kukamata soko," Bradley akasema, sauti ikitetemeka kwa sababu ya kiti.

"Soko lile nilikuwa nalo tangu nizaliwe! Nimeliacha kule ili nije kulikamata huku?"

Bradley alizima kiti. Hakuwa kijana mbaya, hilo niliseme. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu ambaye kwa wiki kadhaa amekuwa akiwapigia simu wenye mitaji na simu zinalia tu. Tangu majira ya kuchipua hisa za kampuni za intaneti zilikuwa zinaporomoka kama mawe kilimani, na wale waliokuwa wanavuta viti na kuandika hundi sasa walikuwa wanavuta mapazia.

Loretta hakuigusa tena ile kengele. Waliajiri mtu mwingine wa kuipiga, makamu wa kumi na tano, akaipiga kama mtu anayebisha hodi kwa anayemdai.

Majira ya mapukutiko, mambo yakaisha. Maji yalikuwa yamezidi unga siku nyingi, ila ndiyo kwanza watu waliangalia ndani ya sufuria. Viti vikapigwa mnada, meza ya mpira ikaenda, puto likanunuliwa na mkulima wa Petaluma afunikie nyasi zake. Hisa za Loretta zikawa karatasi nzuri za kufungia glasi. Siku ya mwisho alimkuta Bradley amekaa sakafuni na mbwa, macho mekundu. Akamtengenezea kahawa. Kahawa anaiweza.

"Tulikosea wapi, Bibi?"

"Tulipiga kengele mapema, mwanangu. Mtu hajaonja, hajalipa, hajarudi mara ya pili, sisi tunacheza." Akamfuta pua kwa aproni ya zawadi. Zilikuwepo aproni elfu tatu ghalani, hakukuwa na haja ya kubania.

Ungedhani basi angeshuka tu ngazi za nyumbani akaomba radhi. Humjui. Wiki kadhaa alijificha ghorofani, akitoka kwa ngazi ya nyuma na kitambaa kichwani kama jambazi wa sinema. Alikula samaki wa kopo huku harufu ya mchuzi wa Assunta ikipenya sakafuni, kitunguu kwanza, halafu nyama, halafu ule uyoga uliokaushwa. Kuna mateso ambayo hata polisi hawajayafikiria.

Assunta chini alikuwa anasikia nyayo. Alijua mdogo wake yumo. Hakupanda. Akaweka vyombo kwa kishindo tu.

Mkesha wa Krismasi, kila Mgenova wa mji ule lazima ale ravioli, hata kama mwaka mzima alikula Nevada. Foleni ilizunguka kona. Loretta alichungulia dirishani akamwona Assunta anapima, anafunga, anapokea hela, anakimbilia jikoni, sufuria imefurika, anarudi. Peke yake. Nywele zimemtoka kitambaani.

Loretta alishuka. Kwa ngazi ya mbele. Alisimama mwisho wa foleni nyuma ya Bwana Fong, ambaye aligeuka, akafungua mdomo, akaona afadhali aufunge. Mlangoni akanyoosha mkono kwa konokono mwekundu, akavuta. Sitini na nne.

Watu wakamwona. Minong'ono ikapita dukani kama upepo kwenye nguo zilizoanikwa. Assunta naye alimwona, tena sana, kwa sababu alimpa Mama Ferrando chenji ya mtu mwingine.

"Sitini na mbili!"

Mama Ferrando akaondoka, wa sitini na mbili akahudumiwa.

"Sitini na tatu!"

Bwana Fong akachukua kifurushi chake, lakini hakutoka. Alijibanza karibu na pipa la zeituni kujionea. Loretta alikuwa amekikunjakunja kikaratasi mpaka kimelowa jasho. Maneno aliyoyapanga ghorofani yote yalikuwa yamemkimbia. Yule mwenye mdomo hakuwa na mdomo. Akapiga hatua moja mbele.

Assunta akatazama juu ya kichwa cha Loretta.

"Sitini na tano!"

Duka zima likavuta pumzi. Aliyekuwa na sitini na tano, mama mmoja na mtoto mgongoni, hakuthubutu kusogea. Loretta alibaki amesimama, masikio yanawaka moto, akitafuta njia ya kurudi mlangoni katikati ya watu wote wale.

"Assunta," Bwana Fong akasema kutoka kwenye zeituni, "umeruka. Sitini na nne yupo hapa."

"Sijaruka kitu."

"Lakini amevuta namba yake. Nimemwona."

"Amevuta, nimeona, vizuri," Assunta akasema. "Namba ni ya mteja. Huyu si mteja, ni mfanyakazi, na amechelewa." Akafungua droo, akatoa aproni, akamtupia Loretta usoni. "Huyo mama ana mtoto mgongoni. Utamwacha asimame mpaka Pasaka?"

Loretta aliivaa kinyume. Akapita nyuma ya kaunta, akakohoa, akamtazama yule mama wa sitini na tano.

"Karibu, mama. Na hilo jino la mtoto, limetoka?"

Hawakuombana radhi, si siku ile wala siku nyingine yoyote. Lakini mwaka uliofuata, Loretta aliweka kompyuta kwenye kona, karibu na konokono. Wazee wa kilimani wanaagiza kwayo, na saa kumi jioni Bwana Fong anawapelekea kwa mkokoteni wake wa zamani wa posta, kwa bei kamili na usafiri wa kulipia. Assunta aligoma miezi mitatu. Siku hizi anaulizia kwa siri, "Kile kidude kimesema nini leo?" Bi. Lindqvist wa Minnesota hupigiwa simu kila Krismasi, aulizwe goti. Hatumiwi ravioli. Alishawaomba wasimtumie.

Na ile meza ya kukandia haijayumba tena. Assunta anasema kadi ya makamu wa rais ni kadi nzuri, ngumu, imetengenezwa kwa kazi.